Mboga za kuhimili jua la Dodoma: mchicha, bamia, kunde, tembele au nyanya?

Mgeni_wa_Iyumbu

Wakuu, salaam. Nimehamia Dodoma kikazi, nimepanga nyumba Iyumbu yenye kieneo nyuma, kama hatua kumi kwa nane. Kwetu ni Muheza, joto ninalolijua ni lile la jasho na unyevu. Mbegu unaitupa nyuma ya jiko inaota yenyewe. Huku naona jua lingine kabisa. Udongo ni mchanga mwekundu, upepo haupumziki, maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Nina simtanki la lita 1,000.

Nataka kuanza sasa, mwishoni mwa Septemba, nile mboga zangu Novemba na kuendelea mpaka mvua zikolee. Ninachofikiria ni mchicha, bamia, kunde ya majani, tembele, sukuma wiki, chainizi na nyanya. Kipi kinalipa maji kinachokunywa, na kipi kitanitia hasara? Naomba mnilinganishie kweli, msiniambie "vyote vinawezekana".

MamaBustani_Nzuguni

Karibu Dodoma kaka. Futa chainizi kwanza. Oktoba inakimbilia kutoa maua hujala hata mara mbili, na majani yanakuwa makali mdomoni. Sukuma haitakufa, ila vidukari watahamia. Geuza jani uone, chini pamejaa kama limepakwa unga wa kijivu. Mimi hivyo viwili napanda Mei, nakula Juni mpaka Agosti kukiwa na baridi na kipupwe. Joto hili ni la mchicha na bamia, basi.

Mchicha ndio wa mtu asiye na subira. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, mwaga, funika kidogo sana, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa ile iliyobanana, ndiyo mboga yako ya kwanza. Iliyobaki usiing'oe. Kata kileleni ukiacha shina la kama shubiri, itachipua pembeni na utavuna tena na tena. Ukitaka mbegu yenye majani mapana ulizia Madiira 1 au Madiira 2, hizo zilitoka Tengeru.

Babu_wa_Chamwino

Mbukwenyi. Nimesoma orodha ya kijana nikacheka. Umekuja ugogoni, umeandika mpaka chainizi, mlenda hukuuandika! Na mgagani je? Hizo ndizo mboga ambazo jua hili limezilea. Mlenda mvua ya kwanza ikinyesha unaota wenyewe mashambani, hakuna aliyeupanda. Akina mama wanachuma, wanaanika juu ya mwamba, wanatwanga, na unga wake unakaa mpaka kiangazi kingine. Ukiwa na ugali wa uwele na mlenda wa karanga, huyo kabichi wa nini?

Mgeni_wa_Iyumbu

Shikamoo babu. Mlenda naujua, hata kwetu unaliwa. Nilidhani ni mboga ya kuokota tu, haipandwi bustanini.

Babu_wa_Chamwino

Marahaba. Inapandwa, ila mbegu zake zina ganda gumu. Ukizimwaga hivihivi nyingi zitalala tu ardhini. Zifunge kwenye kitambaa chepesi, chovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka, hesabu mpaka kumi, toa, tia kwenye maji baridi. Kausha kivulini halafu panda.

BwanaShamba_Mstaafu

Naomba nitenganishe mambo mawili, maana mnaongea kama joto la Dodoma ni moja. Yapo mawili. Kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Desemba ni joto kavu, Novemba mchana hufika nyuzi 31 au 32, hewa haina unyevu na upepo unakausha jani. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka Machi ni joto la mvua, ndilo linalofanana kidogo na la Muheza. Mboga inayoshinda la kwanza inaweza kushindwa la pili.

Kwa joto kavu: mchicha na mgagani viko kundi moja na mtama, uwele na mahindi kwa namna vinavyotengeneza chakula chake. Wataalamu huita usanisinuru wa C4. Maana yake kwa mkulima ni kwamba jua kali haliipunguzii kasi mimea hiyo, na kwa kila lita ya maji inajenga majani mengi kuliko sukuma au chainizi. Kunde haiko kundi hilo, lakini mzizi wake unashuka chini sana, na inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria walio kwenye vifundo vya mizizi. Udongo wa kichanga wa Iyumbu usio na rutuba kunde inauvumilia.

Sasa maji. Kwa jua la Oktoba weka lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Kitalu cha mita 1 kwa 4 ni lita 20, yaani ndoo kubwa moja. Ukiwa na vitalu vinne ni lita 80 kwa siku, simtanki lako lingekwisha siku ya kumi na tatu kama lingekuwa la bustani peke yake. Nalo si la bustani peke yake, kuna kuoga na kufua. Kwa hiyo anza na vitalu viwili, vitatu mwisho. Mtu akikwambia lima eneo lote hilo kwa maji ya zamu, mwombe akuletee boza.

Na usinyanyue matuta. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Watu wa pwani na wa milimani wamezoea tuta la juu ili maji yatoke. Hapa kiangazi tunafanya kinyume chake: unachimba kitalu kikae chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja, udongo wa juu unauchanganya na samadi iliyooza, unaurudisha, na kingo zinabaki juu. Maji yanakaa pale unapoyamwaga, na upepo unapita juu ya miche. Mvua zikianza toboa kingo upande wa mteremko, la sivyo mchicha utaugua kinyaushi, unaukuta umelala chini shina limeoza usawa wa ardhi.

Hombolo_Bamia

Bwana Shamba umemaliza. Mimi niongeze upande wa bamia kwa sababu ndiyo ninayouza.

Bamia inapenda joto kuliko mboga yoyote kwenye orodha yako isipokuwa mchicha. Loweka mbegu usiku kucha, panda mbili kila shimo, nafasi sentimita 60 kwa 30, baadaye bakiza mche mmoja. Kwenye wiki ya saba au ya nane unaanza kuvuna. Na hapa ndipo wengi wanaachwa: bamia inavunwa kila baada ya siku moja, ikiwa na urefu wa kidole. Ukisafiri siku nne ukirudi unakuta mabamia marefu magumu kama kuni, na mti wenyewe umeshajiona umezaa, unapunguza maua. Kata kwa kisu, usivute. Vaa mikono mirefu pia, vile vinyweleo vinawasha.

Ubaya wake ni mmoja mkubwa, minyoo fundo. Udongo wa kichanga wanaupenda. Ukiona bamia imedumaa na mchana inanyauka ilhali umemwagilia, ng'oa mmoja. Mizizi ikiwa na vivimbe vivimbe, hapo usirudie bamia, nyanya wala bilinganya msimu unaofuata. Weka mahindi au kitunguu.

Lingine, uliza maji ya jirani mwenye kisima yana chumvi kiasi gani kabla hujayanunua. Visima vingi huku vina chumvi, ukimwagilia unaona ukoko mweupe juu ya udongo ukikauka. Bamia haipendi chumvi. Maharage ndiyo ya kwanza kuungua ncha za majani. Mchicha unavumilia, na ile spinachi yenye vikonyo vinene inavumilia zaidi.

BintiKondoa

Jamani tembele mbona mmeiacha yatima? Unapata marando bure kwa jirani, hununui mbegu, hakuna kitalu cha miche, hakuna dawa. Ikishatambaa inafunika udongo yenyewe. Mimi nimeiweka pale maji ya bafuni yanapotokea na sijawahi kuimwagilia kwa ndoo.

MamaBustani_Nzuguni

BintiKondoa tembele nakubali, ila Oktoba inakupa majani madogo magumu. Utamu wake ni Januari na Februari, rando linapotoa ncha laini kila wiki.

BintiKondoa

Dada, hayo ni ya huko kwenu Nzuguni kwenye ndoo. Penye maji ya bafuni Oktoba nachuma. Lakini sawa, kwa mtu asiye na sehemu ya namna hiyo, asubiri mvua. Na awe mwangalifu, maji yenye jiki yasifike hapo.

Mkulima_Kijana_Nala

Mbona hakuna anayemjibu kuhusu nyanya? Mimi nalima nyanya kiangazi na navuna vizuri tu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku panapoa. Nyanya inadondosha maua pale usiku unapobaki na joto kama Dar au Tanga. Hapa tatizo la nyanya silo joto.

BwanaShamba_Mstaafu

Uko sahihi, na ni vizuri umelisema. Nyanya Dodoma haishindwi na nyuzi joto, inashindwa na wadudu wanaopenda ukavu huo. Inzi weupe wanaleta ugonjwa wa kukunja majani, mche unadumaa na majani yanakuwa ya njano yamejikunja kama vikombe. Utitiri mwekundu anafuma utando chini ya jani. Halafu kuna kantangaze, aliyeingia nchini 2014, anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa nyingi hazimfikii. Mvua zikija, anaondoka utitiri unaingia ukungu. Wewe wa Nala una nyavu, una bomba la dawa na muda wa kukagua kila asubuhi. Mtumishi anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mtumba kwenye ofisi za Serikali na kurudi jioni atakagua saa ngapi?

Akitaka kitu cha jamii hiyo apande nyanya chungu. Ina wadudu wake, lakini ni ngumu zaidi, inavumilia jua, na mti mmoja ukitunzwa unazaa kwa miezi. Ile Tengeru White ina matunda meupe yasiyo na ukali mwingi.

Mkulima_Kijana_Nala

Sawa mzee, hilo la muda sina ubishi. Ila miche mitano ya nyanya ya mchuzi haimshindi mtu.

Mgeni_wa_Iyumbu

Nashukuru sana wakuu. Swali la matandazo: nikiweka mabua ya mtama juu ya udongo kuzuia jua, nimeambiwa ninaita mchwa. Ni kweli?

Hombolo_Bamia

Kweli watakuja. Dodoma hii, ukiacha kandambili nje usiku kucha asubuhi unaikagua. Lakini mchwa wengi wanafuata kitu kikavu. Wakiwa na mabua ya kula wanaacha mche mbichi. Hatari ni pale mabua yanapokwisha na mche umenyauka kwa kiu. Usiyabananishe na shina, acha nafasi ya vidole vinne, na uongeze yanapopungua. Maganda ya karanga pia mazuri kwenye mchicha kwa sababu ni madogo.

Babu_wa_Chamwino

Na samadi iwe ya zamani. Ya mbuzi ikitoka zizini leo ukaiweka leo, miche inaungua. Ifunike, inyunyizie maji, uigeuze, ikae mpaka ukiishika haina joto wala harufu kali.

Mgeni_wa_Iyumbu

Basi nimeamua hivi. Vitalu viwili vya kuzama vya mchicha, nipishanishe wiki mbili ili kimoja kikichoka kingine kiwe tayari. Kimoja cha bamia. Kunde naipanda pembezoni mwa uzio, naona ndiyo haitadai maji sana. Desemba nikiona mawingu naweka marando ya tembele na mbegu za mlenda. Chainizi Mei. Nyanya miche mitano, nitamjaribu huyo kantangaze.

MamaBustani_Nzuguni

Safi. Kunde ukiichuma usimalize ncha zote za mti mmoja, zunguka. Na kama unataka na punje zake, ukiona maua acha kuchuma majani.

BwanaShamba_Mstaafu

Mpango mzuri. Badilisha kimoja tu: bamia isikae upande wa mashariki wa mchicha. Iweke upande wa magharibi, irefuke, iwe inaukinga mchicha na jua la saa tisa alasiri. La asubuhi mchicha unalihitaji.

Mgeni_wa_Iyumbu

Nimelielewa hilo mzee. La mwisho: jirani ana kuku kumi na kitu na hawafungii.

MamaBustani_Nzuguni

Bamia ikishapita magoti hawana habari nayo. Mchicha mchanga wataufagia asubuhi moja. Kata matawi ya miiba uzungushie vile vitalu viwili kabla mbegu haijaota, usisubiri ionekane, na jirani mpelekee fungu la kwanza.