Matelo (baharia) wa boti za Ziwa Kivu au baharia wa meli kubwa: nianzie wapi?

Kadogo_Kituku
Salamu wakubwa. Niko Goma, nimemaliza sekondari. Mjomba anaweza kuniingiza kwenye boti ya mizigo ya Goma–Bukavu. Rafiki ananiambia niachane nayo, nikasome chuo cha ubaharia Dar es Salaam. Nilinganishieni.

Mzee_wa_Idjwi
Mwanangu, Kivu itakufundisha mikono. Kupakia ndiyo kazi yenyewe: simenti na magunia ya viazi chini katikati, vyepesi juu. Matelo anayerundika mzigo upande mmoja ameshaizamisha boti hata upepo haujaamka. Utarusha kamba gatini, uizungushe kwenye nguzo, uilegeze kidogo kidogo boti inapojongea. Utachota maji tumboni mwa boti. Pesa ni ya safari kwa safari, mkataba ni mdomo wa mwenye boti.

Furaha_Bkv
Mimi ni mchuuzi, nasafiri na bidhaa zangu. Matelo ninayemwamini ni yule anayethubutu kusema "imejaa, subirini nyingine" na kunipa jile la kuokolea kabla ya kudai tiketi. Ile boti ya Oktoba 2024 kutoka Minova ilizama watu wakiiona kutoka bandari ya Kituku hapo Goma, ikiwa imejaza kupita kiasi. Hilo halitaki chuo, ndugu, linataka moyo.

Bukavu_Baharini
Linataka vyote viwili, dada. Mimi ni wa Bukavu, sasa niko meli za shehena. Huku sitahani kuna ngazi: unaanza chini, serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, anakupangia. Mchana mwingi ni kukwangua kutu, kupaka rangi, kutia grisi kwenye winchi. Inachosha, lakini chuma na maji ya chumvi havipatani. Halafu zamu za saa nne nne: unalinda, unaripoti kila taa unayoiona. Ukiwa usukanini, ofisa akitoa amri unairudia kwa sauti ndipo unageuza, na usukani ukifika hapo unamwambia. Amri hizo ni kwa Kiingereza, Kadogo, anza leo.

La kutisha ni kamba za kufungia meli. Ikivutika kupita uwezo wake na kukatika, inarudi kama risasi. Mgeni anasimama pale inapoweza kupiga, mzoefu ameshahama.

Kadogo_Kituku
Nikifanya Kivu mwaka, utahesabiwa huko?

Bukavu_Baharini
Kwa karatasi, hapana. Mkataba wa STCW wa 1978, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unadai muda wa baharini. Kabla ya kupanda unahitaji mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini. Faida nyingine ya huku: kupumzika ni sheria, angalau saa 10 katika kila 24.

Mzee_wa_Idjwi
Saa 10! Sisi tunalala juu ya magunia. Hata hivyo namwambia aanze hapa msimu mmoja. Akiona mawimbi ya usiku akaendelea kuitaka kazi, ndipo auze mbuzi alipie chuo.

Bukavu_Baharini
Sikatai, mzee. Ila mbuzi asiishie kwa wakala: Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Na kabla ya yote, kapime macho. Asiyetofautisha taa nyekundu na ya kijani hapewi lindo, na ni heri ulijue hilo Goma kuliko ukiwa umeshalipa Dar.

Kadogo_Kituku
Jumatatu naenda kupima. Mjomba nimemwambia anisubiri.