Bukavu: Kebo ya faiba yenye deraya ilikatika, nimeiunga, lakini mawasiliano yanakuja na kutoweka. Naomba ushauri

FundiWaIbanda:
Salamu kwenu, ndugu zangu mafundi. Ninawaandikia kutoka Bukavu, na ni siku ya tatu sijapata usingizi. Kuna shule moja yenye majengo mawili, moja juu ya mlima na jingine chini karibu na ziwa. Kati yake nilifukia kebo ya faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga, yenye deraya ya chuma, nyuzi 12, urefu wa mita 900 hivi. Wiki iliyopita wachimbaji wa bomba la maji waliikata. Mashine ya kuyeyusha nyuzi sina, na kuikodi ni dola 80 kwa siku, kwa hiyo nimetumia viungo vya kubana, vile vidogo vyenye jeli ndani. Nimeshaunga nyuzi nne. Asubuhi mawasiliano yanapatikana, lakini jua likipanda, au mtu akiigusa kebo tu, yanakatika, kisha yanarudi yenyewe. Je, viungo hivi ndivyo vibovu, na nikikodi mashine tatizo litakwisha?

Kipimo_Kadutu:
Ndugu, ungio zuri la kuyeyusha hupoteza mwanga kidogo sana, mara nyingi chini ya dB 0.1 (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea), na la kubana likifanywa vizuri hupoteza kati ya 0.2 na 0.5. Faiba yenyewe kwa mita 900 haifikishi nusu dB. Hata ukiwa na viungo viwili vya kubana kwenye kila uzi, vifaa vya kawaida vya kurusha mwanga vinavumilia hasara hiyo. Kwa hiyo sioni viungo peke yake vikileta ugonjwa unaoueleza. Umepima kwa kifaa gani? Na umeunga mahali pamoja au pawili?

MamaFaiba_Goma:
Mimi ningeanza na usafi. Baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, tulirudishia kebo kaskazini mwa mji wetu huku vumbi la mawe ya volkeno likiingia kila mahali. Tulilazimika kufanyia kazi ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwa sababu chembe moja kwenye kisu cha kukatia faiba ilitosha kuharibu pembe ya mkato, nasi tulitaka pembe isiyozidi digrii 1. Jeli ya ndani ya kebo tuliifuta kwanza, kisha kila uzi ukapanguswa kwa spiriti ya asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda ina maji mengi na huacha utando. Kijana mmoja katika kikosi chetu alirudia uzi uleule mara saba, akawa anatetemeka mikono, tukampumzisha. Mwanangu, na wewe pumzika kwanza ndipo urudie.

Mzee_wa_Kabare:
Hakuna anayeuliza juu ya radi? Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kwa vipimo vya satelaiti uliweka Kabare yetu nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, na Bukavu imekaa mlangoni mwa Kabare. Deraya hiyo ni bati la chuma lenye mikunjo midogo. Hulinda kebo dhidi ya panya na sururu, lakini pia hubeba umeme. Mimi niliwahi kupoteza vifaa vyote vya ofisi moja katika dhoruba ya usiku mmoja kwa sababu fundi aliacha bati likielea, halijashushwa ardhini, yaani halijaunganishwa na udongo ili umeme upotelee humo, upande wowote. Unganisha bati la pande zote mbili ndani ya kasha la maungio, kisha ulishushe ardhini kabla halijaingia jengoni.

FundiWaIbanda:
Asante, wazee wangu. Spiriti ninayo, na bati nitalishusha. Nimeunga mahali pawili, kwa sababu kebo haikufika. Kifaa cha kupimia sina, ninatumia kalamu ya mwanga mwekundu, na mwanga wake unapita mpaka upande wa pili. Ndiyo maana ninaona mashine ndiyo jibu.

Kipimo_Kadutu:
Mahali pawili maana yake umeweka kipande katikati. Kipande hicho umekitoa wapi, na kwenye ganda lake kimeandikwa nini?

FundiWaIbanda:
Ni kipande cha mita 15 nilichobakiwa nacho kutoka kazi nyingine. Ni kebo ileile: nyeusi, yenye deraya, nyuzi 12, na rangi zinafuatana vilevile, bluu, chungwa, kijani, kahawia na kuendelea. Sikuona sababu ya kulitaja.

Kipimo_Kadutu:
Nimekuuliza maandishi, ndugu.

FundiWaIbanda:
Kebo ya shule imeandikwa 9/125. Kipande kimeandikwa 50/125. Lakini unene wa kioo kwa nje ni uleule wa maikromita 125, viungo vimekaa sawasawa, na kazi nyingi nimeshaifanya. Shule imeshanilipa nusu, na nyuzi wanazohitaji ni mbili tu.

Kipimo_Kadutu:
Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Kiini cha kebo ya shule, njia unayopita mwanga, kina maikromita 9 hivi, ni monomodi. Kiini cha kipande chako kina 50, ni multimodi. Kuingia kutoka 9 kwenda 50 mwanga unapita bila shida, kama kijito kinachoingia ziwani. Kurudi kutoka 50 kwenda 9, sehemu kubwa inamwagika nje. Ikiwa mwanga umetapakaa kwenye kiini chote, hesabu ya eneo peke yake inatoa hasara ya dB 15 hivi. Na jinsi ulivyotapakaa hubadilika kila kebo inapopinda, inapopata joto au inapoguswa, ndiyo maana asubuhi unapata na mchana unakosa. Mwanga mwekundu kupita haukuambii chochote kuhusu hilo. Hata mashine ya dola 80 ingeyeyusha nyuzi hizo vizuri na pengine ikakuonyesha hasara ndogo, kwa sababu kwa nje zinalingana, na tatizo lingebaki palepale.

Shahidi_wa_Nguba:
Samahani, siamini kisa hiki. Sururu hukata kebo mahali pamoja, haili mita 15. Na kama ilifukiwa kwenye kina kinachotakiwa, mchimba bomba aliifikiaje kirahisi? Ninahisi mtu ametunga swali ili baadaye atokee mwenzake mwenye mashine ya kukodisha. Tumeyaona hayo.

MamaFaiba_Goma:
Tusimshambulie kabla hajajibu. Ila mimi pia ningependa kujua mita 15 zilipotelea wapi.

FundiWaIbanda:
Sijatunga. Wachimbaji waliikata mchana, wakaacha mtaro wazi, na usiku mvua ikateremsha ukingo wa mlima pamoja na kebo. Bati lilikunjamana na nyuzi zikavutwa kwa urefu huo wote. Kuhusu kina, tulikubaliana sentimita 80, nami nikafukia kwa 30 mahali hapo kwa sababu ya mwamba. Sikutaka kulisema hapa, na shuleni bado sijalisema.

Mzee_wa_Kabare:
Mwanangu, umekula fedha ya kazi ambayo hukuimaliza. Mwalimu mkuu alikuamini. Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Shahidi_wa_Nguba:
Mteremko ule nimeuona, sasa nimeuelewa. Ninaondoa niliyoyasema, ndugu, unisamehe.

FundiWaIbanda:
Nimesamehe. Na nyuzi mbili tu, haziwezi kuvumilia hata kwa mwezi mmoja, mpaka nipate fedha?

Kipimo_Kadutu:
Haziwezi. Kila uzi unapita kwenye kipande hicho na kutoka upande wa pili, uwe wa kupeleka au wa kurudisha. Ila viungo vyako vya kubana unaweza kuvitumia na kipande sahihi, mradi uwe na kasha lisilopitisha maji na ufukie kwa kina mlichokubaliana. Nina mita 20 za monomodi yenye deraya zilizobaki kwenye roli, hapa Kadutu. Kesho njoo na kipande cha ganda la kebo ya shule chenye maandishi, tusome pamoja kabla hatujakata chochote.

FundiWaIbanda:
Nitakuja saa mbili asubuhi. Nitapitia shuleni kwanza.