Naomba ushauri: fomu ya kuripoti utapeli, watu wanaishia katikati

Wakuu, habari zenu. Nipo kwenye timu inayosuka upya fomu ya mtandaoni ya kuripoti utapeli, ya ofisi moja ya serikali hapa Tanzania. Juzi nilikaa na watu sita, kila mmoja akiijaza huku namtazama. Mama mmoja, aliyelizwa kwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", alipofika "aina ya kosa" akaniuliza kama yeye ndiye mkosaji. Iliniuma sana.

Wengi waliishia kwenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), wanaogopa kujulikana. Ukiripoti kwa 15040, ile namba ya kuripoti meseji za utapeli, unatuma meseji yenyewe na namba ya tapeli tu.

Mliowahi kufanya kazi hii: utambulisho tuuweke mwisho, au uwe hiari kabisa? Wapelelezi wanauhitaji. Na wenye vitochi (simu ndogo za batani), nijaribu nao fomu hii vipi?