Feloshipu za waandishi kwenda kuripoti diplomasia: tunanolewa au tunanunuliwa?

Mleta mada

Wakuu habari za asubuhi. Juzi kwenye grupu letu la waandishi mtu katupia tangazo la feloshipu, yaani nafasi ya kulipiwa kwenda kuripoti mikutano ya kimataifa, badala ya watu kuulizana vigezo ukazuka ugomvi, nusu wanasema hizi ni mbinu za mabeberu na Wachina kujitengenezea chawa, nusu nyingine wanaomba linki kimyakimya inbox. (Feloshipu ninayosema siyo ile ya Jumatano jioni kanisani.)

Kwa wasiozijua, kongwe ni ya mfuko wa Dag Hammarskjöld, ulianzishwa 1961 na waandishi wenyewe waliokuwa wanaripoti Umoja wa Mataifa, baada ya Hammarskjöld mwenyewe, Katibu Mkuu wa UN, kufa kwenye ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kusuluhisha mambo ya Katanga, Kongo. Wanachukua vijana wachache sana wa miaka 25 mpaka 35 kutoka nchi zetu hizi, wanawaweka New York kipindi cha Baraza Kuu. UN nao wana ya kwao tangu 1981, sa hivi ina jina la Reham Al-Farra, dada wa Jordan aliyeuawa kwenye mlipuko wa Baghdad 19 Agosti 2003. China wana kituo cha waandishi wa Afrika Beijing tangu 2014. Halafu kuna hizi za mazingira za kwenda COP, mikutano ya UN ya tabianchi. Mimi nilipata moja ya hizi za mwisho, COP27, Sharm el-Sheikh, 2022, kwa hiyo anayeongea hapa ni mtu aliyeila hiyo hela.

Nasema twende. Na sababu ni moja tu: korido.

Mkutano ulitakiwa uishe Ijumaa, ukaenda mpaka alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Novemba. Jumamosi usiku nimekaa chini ukutani karibu na soketi nachaji simu, kiyoyozi kinapuliza kama niko ndani ya friji, anatoka mjumbe mmoja wa kwetu anatafuta kahawa, kachoka, tai iko mfukoni. Namsalimia shikamoo, anashtuka, "kumbe upo wa nyumbani?" Dakika kumi akanieleza kwa Kiswahili kitu ambacho taarifa zote rasmi zilikuwa zinakizungukazunguka, kwamba kwenye mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi masikini zinazoumizwa na tabianchi, kinachobishaniwa siyo tu kama uwepo, ni nani atoe na nani apewe, na je China ihesabiwe masikini mpaka lini. Hiyo mashirika makubwa ya habari walikuwa nayo, sikatai. Ila la kwetu sisi, tuliomba nini na tumekubali kuacha nini, hilo hawakuwa na haja nalo na lilikuwa mikononi mwangu peke yangu.

Nikaandika, nikatuma. Mhariri akajibu: "Imechelewa, tushaweka ya shirika la nje." Niliporudi nikapangiwa semina ya halmashauri.

Sasa hapo ndo ugomvi wangu ulipo, siyo kwa aliyelipa tiketi. Haya karibuni.

Mchangiaji 1

Mkuu umeongea vizuri ila umelikwepa swali lenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa hata siyo ndugu. Mtu akulipie ndege, nyumba, posho ya miezi, akutembeze kiwandani na kwenye treni ya kasi, halafu urudi uandike kuhusu deni la bandari? Hutaandika. Wala hatakukataza mtu, utajikataza mwenyewe kwa aibu. Na msije mkasema ni Wachina tu, hata hao wa mazingira, ni lini umeona mwandishi aliyelipiwa COP kaandika kwamba COP yenyewe ni kupoteza muda?

Mleta mada

Hiyo ya kujikataza kwa aibu ni kweli kabisa, nimeiona kwangu. Kuna siku nilifuta aya nzima na hakuna mtu aliyeniambia niifute. Dawa ninayoijua ni kuandika chini ya stori nani kakulipia safari, msomaji apime mwenyewe, na ajabu ni kwamba wafadhili wengi hawana shida na hilo, wenye shida ni wahariri wetu, eti tutaonekana hatuna hela.

Ila nikuulize mkuu. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu limepiga kura ya kulaani Urusi kuivamia Ukraine, 141 ndiyo, 5 hapana, 35 wakakaa katikati. Tanzania, Uganda na Burundi tulikaa katikati, Kenya na Rwanda wakasema ndiyo. Jumuiya moja hiyo. Ulisoma wapi kwa Kiswahili balozi wetu akiulizwa kwanini, pale pale mlangoni anatoka? Mi sikusoma.

Mchangiaji 2

Sisi huku Nairobi tuko na Gigiri, makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la UN, matatu unashuka unatembea kidogo. Mbona mtu atafute viza ya Marekani miezi mitatu na hajawahi kukanyaga hapo? Nawaambia vile niliona: 2 Oktoba 2023 Baraza la Usalama limeidhinisha polisi wetu waende Haiti, kura 13, Urusi na China zikajizuia, hao ni vijana wetu wanaenda kupigwa risasi na habari nikaisoma kwa shirika la nje na bei ya unga ikiwa hapo kando. Lakini pia niseme ukweli, hata Gigiri ukienda bila kujua azimio linaandikwa aje utakaa tu ukikula mandazi ya mkutano. Hayo mafunzo yanahitajika.

Mchangiaji 3

Mimi niko Goma. Mnabishana New York na Beijing, lakini vita yetu inazungumziwa wapi? Luanda, Nairobi, Doha, Washington. Tarehe 21 mwezi wa pili 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773 kwa kura zote, waasi wa M23 waondoke, Rwanda iache kuwasaidia, na sisi huku tulikuwa tunasikiliza redio tukiangalia nje dirishani ni nani anapita. Wiki mbili kabla ya hapo viongozi wa EAC na SADC, jumuiya za Afrika Mashariki na Kusini, walikutana Dar es Salaam, hapo kwenu. Mleta mada, ni nani alikulipia kufika huko? Hakuna feloshipu ya kwenda Posta, hapo katikati ya Dar.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Goma umenikamata. Siku ile ya Dar nilikuwa mjini na sikwenda, sikupangiwa na sikuomba kupangiwa.

Mchangiaji 1

Na hujatuambia Sharm ulibaki na shilingi ngapi 😀

Mleta mada

Tiketi walilipa wao, chumba tulilala wawili, posho ikaliwa na maji ya kunywa maana bei za kule acha tu. Kilichobaki nilinunua rekoda. Ipo, naitumia semina za halmashauri.