Tupeane uzoefu: mwili ulikuambiaje kuwa msongo umezidi?

Kalamu: Wakuu, jana mwenzetu kaandika kwamba kila Jumapili jioni tumbo linamvuruga na vipimo vyote viko safi. Nimeshtuka. Kwangu lilikuwa taya: naamka meno yanauma, kumbe usiku kucha nayasaga. Daktari wa meno ndiye aliyeniuliza, "Kazini kukoje?" Nyie ilianzia wapi, na nini kiliwasaidia?

Msafiri77: Shingo na mabega. Likizo ikianza tu, yanaachia.

MamaWatatu: Naomba niseme nisilowahi kuandika popote. Pazia la jikoni lilishika moto nikiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Sikupiga kelele, sikukimbia. Nilisimama na mwiko mkononi, nauona moto unapanda, namsikia mwanangu wa kati akiita "mama, mama", sauti inakuja kwa mbali, miguu haitii. Yeye ndiye aliyefunga gesi akamtoa mdogo wake nje. Nilipozinduka bado nimeushika mwiko, vidole vimekufa ganzi. Hakuna aliyeumia. Lakini shemeji yangu akalisema mbele za watu: "Mama kaganda, mtoto kaokoa." Mpaka leo nikisikia harufu ya kitu kinaungua, moyo unakwenda mbio na mikono inakuwa ya baridi.

Msafiri77: Pole sana dada. Huyo shemeji hana utu.

Jabali: Msimtukane shemeji, hakusema uongo. Mnaendekeza sana haya mambo. Wazee wetu walipitia makubwa kuliko haya na hawakulalamika.

Kalamu: Wangapi walianguka ghafla tukasema siku yao imefika? Jabali, mtu kafungua moyo wake, muombe radhi.

Muuguzi wa Zamu: MamaWatatu, kuganda si woga wala si kutompenda mtoto. Mwaka 1915 mtafiti wa Marekani Walter Cannon alieleza mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia; kuganda nako ni njia ya mwili ya kujihami, na huulizwi uchague. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, homoni ya kuamsha mwili, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana mikono inapoa. Tumbo linasimamishiwa kazi, mdomo unakauka. Kisha inafuata kotisoli, homoni nyingine ya msongo, sukari isipungue kwenye damu. Hiyo harufu inayokurudisha jikoni, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Inatibika.

Na wewe Jabali, mwaka 1936 mtafiti wa msongo Hans Selye aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa baridi, kwa kazi nzito, kwa dawa. Mateso tofauti, madhara yaleyale: vidonda vya tumbo na tezi hizo za juu ya figo kuvimba. Kwanza mwili unashtuka, kisha unastahimili, mwisho unachoka. Wazee walistahimili, sawa. Kuchoka kwao nani alikuhesabia?

Jabali: Sawa, nimesikia. MamaWatatu, radhi.

Utulivu: Mimi ni pumzi. Navuta kwa hesabu ya 4, natoa kwa 6. Pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo nayo yanapungua.

Msafiri77: Mimi nilijaribu nikaona kizunguzungu! Bora kutembea kwa kasi mpaka jasho litoke.

Utulivu: Ulikuwa unavuta kwa nguvu na kwa haraka. Vuta kidogo tu, refusha kutoa. Na acha kahawa ya jioni.

Kalamu: Kahawa tena? Hiyo mniachie jamani, ndiyo iliyobaki.

Muuguzi wa Zamu: Inywe asubuhi. Na yeyote mwenye maumivu ya kifua asijipe jibu kuwa ni msongo, akapimwe kwanza. Kwa taya na mabega jaribuni njia ya daktari Edmund Jacobson ya kulegeza misuli: kaza ngumi sekunde chache, legeza, sikiliza tofauti. Panda mikono, mabega, uso, shuka hadi miguu.

MamaWatatu: Asante dada, nimelia nikisoma. Mimi nina presha, hiyo ya kukaza inanifaa?

Muuguzi wa Zamu: Kaza kidogo tu na usibane pumzi. Lakini muulize kwanza daktari anayekutibu presha, na hiyo ya harufu umweleze siku hiyohiyo.