Mrejesho: ile kazi ya kujitolea isiyolipwa

Wakuu, asanteni sana mlionijibu. Niliuliza kama niendelee na mafunzo kazini yasiyo na malipo: niliambiwa miezi 3, nikajikuta niko wa 7.

Mdau mmoja alinishauri niandike kila ninachofanya kwa wiki nzima. Nikaandika. Siku 5, saa 41: kupokea simu, kupanga mafaili, kufunga ofisi jioni. Muda wa kuelekezwa kitu kipya? Dakika 20, Jumanne. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa naziba pengo la mtu aliyeacha kazi.

Nikampelekea meneja lile daftari, nikaomba mkataba. Mkataba hakuna. Barua ya uthibitisho nimepata, imetaja kazi zote nilizofanya. Ijumaa nikaaga.

Aliyegusia kesi ya Uingereza, ya mpango wa serikali uliowataka wasio na ajira wafanye kazi bila malipo la sivyo wapoteze posho, nimeisoma. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu kule ilisema kanuni za mpango huo zilikuwa batili kwa kutoueleza vya kutosha, ila ikakataa kuuita kazi ya kulazimishwa. Mimi sikulazimishwa na mtu, lakini nauli alitoa mama kila asubuhi, na hilo bado linaniuma.

Wiki ijayo nina usaili. Hii ina mshahara, niliuliza mapema.