MREJESHO: Kile kiinjini cha ndege ya mfano kilichokuwa kinazimika Mbeya

Wakuu, nilileta shida hapa: kiinjini cha cc 2.5 cha methanoli kinawaka vizuri, nikichomoa betri ya plagi (inayoipasha moto wakati wa kuwasha tu, baadaye plagi hujitunzia joto lenyewe kutokana na mwako) kinakohoa na kuzima. Dar kilikuwa hakisumbui.

Aliyesema "punguza mafuta, uko mlimani" alipatia. Mbeya tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yalizidi na plagi ikawa inapoa. Nikakaza sindano ya kabureta ili mafuta yapungue kidogo kidogo, nikiinua pua ya ndege juu kila mara kupima kama mafuta bado yanafika. Mlio ukikwaruza, najua mafuta yamepungua mno, narudisha nyuma kidogo.

Nguvu bado ilikuwa haba. Nikafungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda), nikatoa washa (kipete chembamba cha chini ya hedi) moja kati ya mbili ili mgandamizo upande (fundi wangu wa pikipiki pale Mwanjelwa alicheka sana kuona pistoni ya ukubwa wa kidole). Nikazungusha propela kwa mkono kwanza, pistoni haigusi hedi. Plagi nayo nikaweka ya moto zaidi, yaani aina inayotunza joto zaidi.

Jumapili asubuhi, Uyole, na baridi ile, imewaka mpigo wa tatu. Betri nje, haijazima. Nguvu ya Dar haijarudi yote, ila imeruka. Kutua ndiyo mada nyingine, naombeni gundi.